Bwana Sehemu na Njia Tano

Kwa miaka ishirini na mitatu mtu huyu alilipwa kukisia magari yanakwenda wapi. Usicheke, ni kazi kama nyingine, na ina meza yake. Katika ofisi ya barabara, chumba cha mwisho karibu na choo, alikaa na ramani. Kila njia panda ambayo hakuna aliyetumwa kuhesabu, aligawa magari sawasawa: njia mbili, nusu kwa nusu, njia tatu, theluthi kila moja. Njia ambayo gari limetokea haikupewa kitu, maana nani anafika njia panda ili ageuze tu? Wenzake walimwita Bwana Sehemu. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, anakujibu kwa robo.

Nyumbani aliishi na mama yake, bibi wa miaka themanini na moja aliyekuwa ameanza kusahau: kwanza majina ya majirani, halafu siku, halafu mlango wa choo ni upi. Bwana Sehemu hakujua kubembeleza. Lakini kila asubuhi alimfunga mama vifungo vya sweta kabla hajafunga vyake, na hilo ofisini hakulisema.

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, alitoka bafuni na povu masikioni akakuta mlango wazi na viatu vya mama havipo. Akakimbia hadi barabarani. Kimya, mvua inaanza, hakuna mtu. Mwingine angepiga mayowe. Yeye alimpigia simu dada yake, kisha akatafuta kalamu.

Dada na mumewe walipofika kwa pikipiki, wamelowa chapachapa, walimkuta ameshamaliza hesabu. Mbele ya nyumba barabara ni moja hadi njia panda ya kwanza. Pale unakwenda kulia au kushoto, nusu kwa nusu. Ya kulia inagawanyika mara mbili, basi kila tawi robo. Ya kushoto inagawanyika mara tatu, kila tawi sudusi, yaani moja ya sita. Jumla njia tano, na za robo zitangulie.

"Kaka, tuanzie hapa hapa kwetu," dada alisema. "Mama atafika wapi na miguu ile?"

"Hapa nimeshaangalia. Uwezekano wa kurudi ni sifuri."

"Nani kasema?"

"Ndivyo tunavyofanya kazini."

"Shemeji," mume wa dada akaingilia taratibu, "yule ni mama, si lori."

Wapi! Mtu huyu akishaandika, haambiliki. Dada akaambiwa akae ndani na simu, endapo mtu atapiga. Wanaume wakapanda pikipiki.

Njia ya stesheni, patupu. Njia ya machimbo ya mawe, patupu. Bwana Sehemu alikunjua karatasi chini ya mwamvuli akagawa upya: robo zikiondoka, kila sudusi inakuwa theluthi. Walipomaliza moja, zilizobaki zikawa nusu kwa nusu. Ya nne nayo ilipokosa mtu, ile ya tano, ya kiwanda cha matofali, ikawa na uwezekano wote. Nzima! Hakika! Inasikitisha kusema, lakini alifurahi. Alimgonga shemeji begani na kumwambia aongeze mwendo, maana mama yuko kule.

Barabara iliishia kwenye geti la kiwanda, lenye kufuli. Hapakuwa na mama. Bwana Sehemu alishuka akaitazama ile kufuli, akaitazama karatasi.

Simu ikalia. Ilikuwa saa tisa alasiri. Dada alikuwa amechoka kukaa akatoka nje bila ruhusa ya mtu. Mama alikuwa kwenye mtaro, hatua mia kutoka mlangoni, maji yamemfika kiunoni, uso wake umeelekea nyumbani. Kwa mvua ile hakuna jirani aliyekuwa ametoka nje.

Baridi ilimwingia mama kifuani. Hospitali walimlaza karibu na dirisha, na mwanawe hakubanduka pale, hata ofisini hakuaga. Jumanne mama alifariki. Lakini Jumatatu mchana alifumbua macho, akamtambua kabisa, na Bwana Sehemu akamuuliza lile lililokuwa linamtafuna.

"Mama, mbona uligeuza?"

"Nilifika pale njia inapogawanyika, mwanangu, sikujua nipite wapi," mama alisema, pumzi ikimkatika. "Nikasema nirudi nikuulize wewe, wewe unazijua njia zote."