Laini Niliyoisaini Kabla ya Kuijaribu

Niseme kitu ambacho mafundi wenzangu hawapendi kukisikia: taa ya kijani si ushahidi wa chochote. Mimi niliiamini, na mpaka leo sijajisamehe.

Hospitali niliyofanyia kazi Karagwe ilikuwa na ruta mbili za zamani, mashine za kuunganisha mtandao, za msaada, zinazotumia frem rilei, teknolojia ya kupitisha data kwenye laini za simu ambayo mijini wameshaitupa. Sisi tulitupiwa, tukashukuru. Kazi yangu ilikuwa kuunganisha maabara yetu na kituo kimoja cha afya huko Kyerwa, majibu ya vipimo yafike bila kusubiri gari. Kwenye mfumo huo ruta yako haiongei moja kwa moja na ya mwenzako. Inaongea na mtambo wa kampuni ya simu ulioko katikati, na kila upande unapewa namba yake ya njia. Niliziandaa ruta zote mbili mezani kwangu, na kwa haraka zangu nikaweka namba yetu kotekote, hata kwenye ile ya Kyerwa iliyotakiwa kuwa na yake.

Alhamisi nilikwenda Kyerwa kuifunga ile ya pili. Ijumaa nikawa nimerudi hospitalini, fundi wa kule naye akae kwenye mashine yake tujaribu pande zote mbili. Asubuhi hiyo jirani yake akafariki. Huku kwetu kukiwa na msiba jirani hashiki jembe, na yeye hakushika kompyuta. Alikwenda kuchimba kaburi pamoja na wenzake. Simlaumu hata kidogo. Ningeweza kusubiri Jumatatu, lakini mganga mkuu alishaniuliza mara tatu, nami sipendi kuulizwaulizwa. Nikatazama ruta: laini iko hewani, taa ya kijani. Nikasaini fomu kwamba imejaribiwa. Kumbe taa ile ilikuwa inaniambia tu kwamba mtambo wa katikati unanisikia, si kwamba Kyerwa wananipata.

Wiki hiyohiyo shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa amelazwa kwenye kituo kile. Alijikata mguu kwa panga akipunguza majani ya migomba, kidonda kikaoza. Usaha wake uliletwa kwetu upimwe, ijulikane dawa ipi itamfaa. Majibu yalitoka Jumamosi. Watu wa maabara wakayatuma, wakaendelea na mengine, maana fomu yangu ilisema laini ni nzima. Kule wakadhani kipimo bado, wakazidi kumpa dawa isiyomsaidia chochote. Jumanne daktari wao akachoka kusubiri, akatuma pikipiki. Majibu yalikuwa yamekwama kwenye mashine siku tatu, hatua chache kutoka kiti changu.

Wakamleta kwetu, wakamkata mguu juu ya goti.

Nilimkuta wodini akiwaambia wagonjwa wenzake kwamba huyu ndiye mwanangu anayetengeneza mitandao. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza kama nimekula. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote: namba, fomu, siku tatu.

"Kwa hiyo dawa ilikuwa inajulikana?"

"Ilijulikana, shangazi."

"Tangu Jumamosi?"

"Tangu Jumamosi."

Akataka kugeukia ukutani, akashindwa. Nikanyoosha mikono nimsaidie.

"Niitie nesi," akasema.