Itauma Mpaka Saba

Bi Machozi alipewa jina hilo akiwa na miaka saba, na hakulitafuta. Katika filamu yake ya tatu ilitakiwa mtoto asimame mlangoni, atazame barabara tupu, alie. Mengine yote alikwisha kufundishwa: kusimama juu ya alama ya chaki bila kuinama kuitafuta, kutoitazama kamera, kurudia sentensi moja mara kumi na mbili kana kwamba ndiyo kwanza anaisema. Kulia ndiko kulikomshinda. Vikaletwa vitunguu, vikawaliza mafundi wa taa. Mwisho mwongozaji akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwa upole kwamba baba yake amegongwa na gari na amekufa. Kamera ilikuwa tayari inazunguka.

Chumba kizima kilipiga makofi. Baba mtu, aliyekuwa amefichwa nyuma ya pazia na chupa ya soda mkononi, akatoka akicheka. "Niko hapa, mwanangu! Buheri wa afya!"

Filamu ilipendwa. Picha ya uso wake uliolowa ilibandikwa ukutani kila mahali, na watu wazima wakawa wanamsimamisha sokoni: "Hebu tulilie kidogo tuone." Alipofika miaka kumi na miwili alirefuka ghafla, na walioacha kumwita hawakumwambia kwa nini. Mgeni siku mbili. Ya tatu alipewa jembe, yaani cherehani.

Alishona sare za shule mpaka mgongo ukakataa. Kisha akaingia ofisi ya simu, akaketi mbele ya swichibodi akiunganisha sauti za watu asiowajua. Kazi hiyo aliipenda kwa sababu hakuna aliyeiona sura yake. Zilipokuja mashine mpya, maopereta kumi na wanne wakapewa barua za kuachishwa siku moja. Mwaka huohuo baba yake alifariki, safari hii kweli. Alipopewa habari aligeuka kutazama nyuma, kama anayesubiri mtu atoke nyuma ya pazia. Kaburini alisimama jicho kavu.

"Kwenye filamu alimwaga ndoo nzima," shangazi zake walinong'ona, "kwa baba yake mzazi hata tone!"

Alikwisha kumlilia. Angewaelezaje?

Kazi ya tatu ndiyo iliyomkaa. Ni mwaka wa kumi na tisa sasa anamsaidia daktari wa meno katika chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vioo. Huchemsha koleo, hushika mrija wa kufyonza mate, huchanganya dawa ya kuziba. Lakini kazi yake hasa ni watoto. Daktari, mtu wa mizaha, alizoea kuficha sindano mgongoni na kusema ni kalamu.

"Daktari, ukisema hivyo tena naondoka," alimwambia wiki ya kwanza.

"Uende wapi, na swichibodi wameshaing'oa?"

"Nitarudi kushona. Mwambie itauma."

Mtoto aliyekuwa kitini akaambiwa. Akalia, akanyamaza, akafungua kinywa. Tangu siku hiyo kila mtoto aliyeketi kwenye kiti kile aliambiwa maneno yaleyale: "Itauma mpaka saba. Hesabu nami."

Mwaka huu mjukuu wake, mwenye miaka saba, alichaguliwa kuigiza. Binti yake ndiye aliyempeleka kwenye usaili, kimyakimya.

"Mama, wewe ulipata bahati ukaiacha ipite. Mwache mwenzio apande ngazi."

"Ngazi ile naijua, mwanangu. Ina vipandio vinne, halafu ukuta."

Hata hivyo aliomba ruhusa kazini, akaenda nao. Aliketi kwenye kiti cha chuma nyuma ya taa, na wakati wa mapumziko akamfundisha mjukuu kuitafuta alama ya chaki kwa kuhesabu hatua. Siku ya tatu ikafika zamu ya kulia. Mtoto akakunja uso, akakamua macho, wapi! Mwongozaji msaidizi akaja kuchuchumaa kando ya kiti cha chuma, na Bi Machozi akaujua mkao ule kabla hajasikia neno.

"Bibi, tunaomba utoke nje kidogo. Tutamwambia umezidiwa, umekimbizwa hospitali. Asipolia leo, kesho tunaleta mtoto mwingine."

"Mama, tafadhali," binti akasema. "Dakika mbili tu."

Akatoka. Korido ilikuwa na makreti ya soda na bomba linalovuja. Mlango haukufungika vizuri, na ndipo alipotambua jambo ambalo hakuwahi kulifikiria: nyuma ya pazia lile, baba yake alimsikia analia. Alisikia, akaendelea kushika chupa.

Ndani sauti laini ilianza: "Mpenzi, kuna jambo kuhusu bibi yako…"

Alisukuma mlango. "Niko hapa. Siumwi. Wanataka ulie, basi."

Mtoto hakuondoka kwenye alama yake. "Sasa nilie au nisilie?"

Mafundi wa taa wakaangua kicheko.

"Ukiweza, lia. Usipoweza, waambie huwezi."

"Siwezi."

Kesho yake mtoto mwingine alisimama juu ya chaki ile. Binti alikaa wiki tano bila kupiga simu.

Wiki ya sita alikuja kliniki akimkokota mtoto aliyevimba shavu. Gego la utotoni lilikuwa limeoza. Alimwamkia mama yake kwa mkato, akabaki mlangoni.

"Mwambie haiumi, Mama, tumalize."

Mtoto, akiwa amefumba kinywa kabisa, hakumtazama mama yake wala daktari. Alimtazama bibi. "Itauma?" akauliza kwa pembe ya mdomo.

"Itauma mpaka saba."

Kinywa kikafunguka. Wakaanza kuhesabu, bibi kwa sauti, mjukuu kwa vidole. Walipofika nne, sauti nyingine ikaungana nao kutoka mlangoni.

Gego lilitoka kwenye tisa, na kwa hesabu hizo mbili zilizozidi Bi Machozi akamwomba mjukuu wake radhi.