Sufuria ya Wageni

Wiki jana niliona kwenye simu ndege zikilipua bandari fulani, mafuta yakiwaka juu ya maji. Nikakumbuka mchana mmoja kwetu Dundori, harufu ya viazi vibichi, na redio ikisema bandari imepigwa na meli aliyofanyia kazi Baba imeungua.

"Si meli iko kwa maji?" nilimuuliza Mama. "Maji si huzima moto?"

"Huzima," alisema, akaendelea kumenya.

Alimenya debe zima, kisha akatoa sufuria kubwa ya wageni. Sufuria hiyo ilitolewa watu wakiwa wengi, basi nikajua Baba anarudi. Nilioga, nikavaa rinda la Krismasi, nikasimama langoni. Majirani waliingia kimya, wakinigusa kichwa. Niliwakaribisha mmoja mmoja, nikiwaambia Baba bado hajafika.