Molekuli za Kokwa za Chikichi

Mwalimu wa kemia alipouliza kama molekuli zile nilizitengeneza mimi, nilipaswa kusema hapana. Nilisema ndiyo.

Leo harufu ya mawese jikoni imenirudisha darasani. Kokwa za chikichi zilizotobolewa, kupakwa rangi na kuunganishwa kwa njiti kuwa mifano ya molekuli zilikuwa kazi ya rafiki yangu. Alikuwa anaumwa, akanituma nizipeleke tu. Baba yake alishamwambia kwamba asipochaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya sayansi, ataacha shule akavue dagaa.

Mwalimu akanichagua mimi.

Rafiki yangu aliporudi, alinivuta pembeni. "Kemia umeianza lini wewe? Mwambie basi ni zangu."

Sikumwambia mwalimu. Akaacha shule, na mpaka tumezeeka hapa Ujiji, salamu yangu haiitikii. Sikupata tena rafiki kama yeye.