Tepu Juu ya Jina la Mwanza

Siku ile ya mvua ya nje ya msimu hainitoki kichwani, mwanangu Doto, na leo umenilazimisha kuisimulia. Umeniuliza kwa nini mimi mwalimu wako nilikukasirikia mbele ya darasa, wakati wenzako wanakupigia makofi kwa wijeti yako ya hali ya hewa, kile kijidude cha kwenye skrini. Kaa hapo. Hasira bado ninayo, lakini nitakueleza kwa utaratibu.

Mimi si mzee wa mvi. Ila kwa mambo ya kompyuta hapa Bariadi, mimi ni bibi yako kabisa. Nimeviona vijidude hivi vikija, vikifukuzwa, na kurudi vimevaa nguo mpya.

Wakati huo Simiyu ilikuwa haijawa mkoa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu tuyaache, na kichwa kimejaa ndoto. Nilitaka nitengeneze kompyuta itakayopiga soga na bibi yangu kwa Kisukuma. Shemeji Luhende, mume wa dada yangu, akanichukua kwenye steshenari yake karibu na stendi, nitoe fotokopi na kuchapa barua za watu. Alikuwa amenunua kompyuta ya toleo jipya. Pembeni mwa skrini kulikuwa na vijidude vimepangana: saa ya mishale, kalenda, na kijua cha njano ambacho siku ya mvua hugeuka wingu. Wengine waliviita gajeti, wengine wijeti. Mimi nilivipenda kama vifaranga.

Shemeji aliigeuza kompyuta itazame dirishani, watu wa barabarani waone. Na waliona. Msimu wa kuvuna pamba, mtu anatoka kijijini, anasalimia mwangaluka, anachungulia kijua, ndipo anaendelea na shughuli zake. Chini ya kijua palikuwa na kipande cha solatepu kimeandikwa kwa kalamu, BARIADI. Kila asubuhi nilifuta vumbi pale, nikidhani tepu inaziba ufa wa kioo.

Sasa, Mayu Nkamba, yaani Mama Nkamba. Unamjua, yule mjane ambaye shamba lake liko nje kidogo ya mji. Mwaka ule pamba yake ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho. Alikuwa ameianika juu ya chanja, yote iende daraja la kwanza, pamba safi, aezeke nyumba kwa bati. Nyasi zilikuwa zinavuja juu ya vitanda vya wanawe. Akapata msiba kijiji cha Mkula, akapita dukani kwetu kuuliza aiache pamba wazi ikauke vizuri au aifunike turubai. Shemeji akamwonyesha kijua. Nenda ukazike, Mayu, jua tu mpaka utakaporudi. Akaenda.

Mvua ilipiga siku iliyofuata, mchana, ile ya kumwagwa na ndoo. Ndani ya duka kijua kilikuwa kinang'aa. Nje, maji yanabeba ndala za watu.

Mayu Nkamba aliporudi hakwenda kwanza kubadili nguo za msiba. Alikuja dukani na konzi ya pamba, akaiweka juu ya kaunta. Ilikuwa imeshikana, imeingia rangi ya udongo. Pamba fifi, daraja la chini.

"Luhende, mvua imenyesha Bariadi ipi?"

Shemeji akaanza kusema mashine haikosei, labda kule kwake lilikuwa wingu la kupita tu.

"Limepita juu ya stendi nzima," akasema Mayu, "likakosa dirisha lako."

Nilitaka kumtetea shemeji, nikasogea nionyeshe kioo kina ufa, pengine ndio umeharibu. Nikabandua tepu. Hapakuwa na ufa. Palikuwa na neno Mwanza.

Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anasubiri fotokopi akasema, "Kumbe tulikuwa tunaota jua la watu."

Shemeji akaniambia kwa sauti ya chini nirudishe tepu. Nikaifinyanga, nikamwekea kiganjani. Ndipo akaeleza: kwenye orodha ya miji ya kile kijidude, Bariadi haikuwepo, akachagua mji wa karibu, na angeacha neno Mwanza wateja wangemdharau.

Mayu hakupaza sauti. Alisema, "Sikukudai uijue mvua. Mimi mwenyewe siijui. Nilitaka uniambie unachokijua. Ungesema hii ni ya Mwanza, ningefunika."

Mimi na dada yangu tulikwenda kumsaidia kuchambua, kavu huku, mbovu kule, na ile mbovu ikawa kichuguu. Bati hazikupatikana. Watoto wake wakalala chini ya nyasi zile zile msimu mwingine mzima. Shemeji bado ni shemeji yangu, Krismasi tunakula sahani moja, lakini nikikumbuka ile tepu huinuka nikanawa mikono.

Nilikuja kusoma kwamba kompyuta za zamani kabisa zilikuwa na saa na kikokotoo vya kufungua juu ya kazi yako, kwa sababu mashine haikuweza kuendesha programu mbili kwa pamoja. Hivi vya pembeni vikaja baadaye, wenyewe waliovitengeneza wakavifuta, wakasema vinaacha mlango wazi kwa wezi. Vikaja vigae vya kugeukageuka, navyo vikapotea. Leo kuna ubao mzima umejaa habari za watu wa mbali ambazo hukuziomba. Kila mara wanabadilisha sura, na kila mara mtu anatazama anaamini. Hilo ndilo linaloniudhi.

Na wewe, mwanangu, umeandika Bariadi kwa herufi nzuri kweli. Nilijivunia, nikataka hata kuruka. Kisha mtandao ukakatika darasani, na wijeti yako ikaendelea kuonyesha jua la jana kama la leo. Hiyo ni tepu, Doto. Umeibandika kwa msimbo wa programu badala ya solatepu.

Kwa hiyo nisikilize. Andika taarifa yako imetoka wapi. Andika imefika saa ngapi. Ikiwa huna kitu, skrini iseme sina taarifa, na usione aibu, hakuna atakayekufa kwa kusikia hivyo. Ukiulizwa usichokijua, jibu hivyo hivyo. Chama cha msingi cha wakulima wa pamba kinataka kuiweka kazi yako kwenye kompyuta ya ofisini, ile inayotazama dirishani, na Mayu Nkamba bado analima, bado anauzia pale. Atachungulia kabla ya kuanika.

Nenda ukairekebishe. Mungu akupe ndoto kubwa kuliko zangu, akupe na mdomo usioogopa kukiri giza. Na kila atakayetazama kazi ya mikono yako, pamba yake ifike mzani ikiwa nyeupe.