Pumzi ya Kaka

Tangu akiwa binti mdogo walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na breki. Kaka yake ndiye aliyempa klarineti, akamwambia, "Haya, pulizia humu hayo maneno yako, nasi tupumzike."

Walipoajiriwa katika okestra, kaka alikaa kiti cha kwanza na Chiriku cha pili, bega kwa bega, miaka kumi na tisa. Chiriku hakuhitaji kumtazama kiongozi ili ajue wakati wa kuanza. Akisikia kaka kavuta pumzi, naye huvuta.

Alasiri moja, onyesho likikaribia, kaka alimvuta pembeni kwenye korido, penye makabati ya ala.

"Kifua kinanibana. Kile kipande cha peke yangu, kipige wewe leo."

Chiriku hakuwa amekifanyia mazoezi. Hofu ikamshika, akaigeuza mzaha. "Uzee huo, kaka! Jikaze bwana, kipande ni chako."

Kaka akacheka, akaenda kupiga. Alipiga mpaka watu wakasimama. Makofi hayajaisha, akaanguka, kichwa mapajani mwa Chiriku. Hakuamka tena.

Chiriku akapewa kiti kile. Siku ya kwanza ya mazoezi, kabla hajaanza, alisikia pumzi ikivutwa karibu kabisa na shavu lake. Akageuka. Hakuna mtu. Kesho yake, vilevile. Miaka sita ikaenda hivyo, na yule msemaji akawa bubu wa kujitakia. Kipande kile kikipangwa, huomba ruhusa ya ugonjwa.

Akaja kiongozi mpya, hataki visingizio. "Ukipige, au uachie kiti."

Chiriku akaenda kwa mke wa kaka yake, akamkuta anakunja nguo sebuleni. "Wifi, mimi ndiye niliyemuua." Akatoboa yote.

Wifi alibaki na shuka mikononi. "Asubuhi ile aliniambia mimi kwanza," akasema. "Nikamwambia aache kudeka, aende kazini. Unadhani mimi nalala?"

Walilia mpaka wakachoka.

Siku ya onyesho wifi aliketi safu ya pili. Pumzi ilipovutwa, Chiriku akavuta nayo, akapiga. Katikati alikosea noti moja, kiongozi akakunja uso, lakini alifika mwisho.

Pumzi ile haikumwacha hata alipostaafu. Ila sasa alikuwa na wa kumsimulia.

"Ilikuwa ya mtu anayeumwa?" wifi aliuliza mara ya kwanza aliposimuliwa.

"Hapana, wifi. Ya mtu anayetaka kuanza."

Wifi akajifuta macho, akaenda kubandika chai.