Mahali Peusi

Majina ya wote waliokuwepo siku ile ninayo, hata la mbwa wa mwenyekiti ninalo. Siyaandiki kwa sababu wajukuu wao wanasoma na wajukuu wangu.

Ilikuwa miaka ya ujamaa, kijijini kwetu Muleba. Ng'ambo, Uganda, jenerali alikuwa ameshampindua rais wao, na rais wetu akakataa kumtambua. Mambo ya nchi na nchi mimi nilikuwa siyajui. Niliyajua kwa ajili ya wifi yangu. Mume wangu aliwahi kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa ya huko kabla ya uhuru, na dada yake, ndugu pekee aliyembakia, akaolewa kulekule. Zamani hizo mpaka haukuwa kitu. Mtu alikwenda na mkungu wa ndizi akarudi na kitenge.

Kisha ikaja barua, imevushwa ndani ya soksi ya mtu. Askari walimchukua mume wa wifi yangu mchana, watu wakitazama, wakamfungia kwenye buti la gari. Hakuonekana tena. "Njoo mpakani unipokee," wifi alimwandikia kaka yake, "huku sina siku nyingi." Mume wangu alipomaliza kusoma aliketi chini kwenye nyasi tulizotandika ndani, akaishika ile karatasi kama kitu kinachounguza.

Kufika mpakani wakati ule kulitaka barua ya kijiji, nayo ipelekwe Bukoba mjini ikapigwe muhuri. Mwenyekiti wa kijiji akasema tusubiri uchaguzi upite. Tukasubiri. Kila jioni mume wangu aliuliza ni siku ngapi zimebaki, na yeye ndiye aliyekuwa akizihesabu.

Siku ya kura nikapewa karatasi mbili. Ya mbunge ilikuwa na jembe na nyumba. Hiyo haikunisumbua, jembe halina uso. Ya rais ndiyo iliyonishtua. Upande mmoja picha yake, anatazama. Upande wa pili kivuli cheusi, umbo la kichwa na mabega, mtu asiye mtu. Mimi nilidhani rais naye hushindana na mwenzake, kumbe yuko peke yake. Maneno yalikuwepo chini, lakini katika darasa la watu wazima nilikuwa nimefikia herufi za jina langu tu.

Sasa, mimi nimelelewa kutomtazama baba mkwe usoni. Tukimsalimia mkubwa tulipiga magoti, macho chini. Leo nichukue kalamu nimchore usoni mkubwa wa nchi nzima? Halafu nikakumbuka pale tulipokuwa tukipeleka kahawa kupimwa. Asiyejua kuandika aliletewa kisahani cheusi cha wino, akabonyeza kidole gumba. Mahali peusi ndipo mahali pa mkono wetu sisi. Nikamwinamia rais kidogo, nikaweka alama yangu kwenye weusi. Nilitoka moyo umetulia, kama mtu aliyesalimia vizuri.

Rais alishinda. Lakini baada ya siku chache balozi wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango akituita uwanja wa shule. Kituoni kwetu zilionekana kura za kumkataa, tena si moja.

Mwenyekiti alisimama na karatasi ya mfano mkononi. "Kuna watu wanakula ndizi za hapa," alisema, "na mioyo yao iko kwa jenerali." Hakumtaja mtu. Ila watu wote waligeuka wakamtazama mume wangu.

"Wewe ndugu, si ndiwe unayetaka barua ya kwenda mpakani?"

"Ndimi, Ndugu Mwenyekiti. Dada yangu yuko—"

"Dada, au jenerali? Tukupe barua ukamweleze tunavyolala?"

Mzee mmoja akasema kutoka nyuma, "Huyo alishiba ndizi za Uganda kabla ya uhuru. Tumbo halisahau." Watu wakacheka.

"Mimi nilimpigia rais," mume wangu akasema. "Naapa kwa kaburi la baba yangu."

"Kura ni siri, ndugu. Nani alikuona?"

Mwenyekiti akaiinua ile karatasi, akagonga kivuli kwa kidole. "Aliyeweka alama hapa amesema rais hapana."

Niliona kidole chake, nikaona na changu palepale. Nikapiga magoti mbele ya watu.

"Waitu, wakubwa wangu, ni mimi."

Nikaeleza yote, ya uso na ya wino. Mume wangu alinitazama kama hajawahi kuniona.

"Mumeo amekufundisha useme hivyo," mwenyekiti akasema.

"Angenifundisha, ningekosea?"

Hapo ndipo ikatoka sauti kwenye mikeka ya wanawake. Alikuwa mama mzazi wa mwenyekiti. "Mwanangu, kwani ulitaka nimchafue rais wa watu uso? Na mimi niliweka hapohapo peusi."

"Mama, kaa."

"Nimekaa."

Mwanamke mwingine akasema na yeye. Kisha mwingine. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliishusha karatasi taratibu, akaomba kalamu, akaandika barua ya mume wangu palepale akiiegemeza kwenye goti.

Tulipoingia kwenye kibanja chetu, kati ya migomba, mume wangu akasimama. "Dada yangu alikuwa afe," akasema, "kwa ajili ya heshima yako." Niliingia ndani nikamfungia ndizi za safari.

Alirudi siku ya tano na wifi yangu, mwembamba, ana kifurushi kimoja na kiatu kimoja. Majirani wakaja kumpa pole, na mama wa mwenyekiti akawa anatusaidia kumenya ndizi. Nikamsimulia wifi habari ya kura, nikitaka acheke kidogo.

Hakucheka. Aliacha kutafuna.

"Yaani mliulizwa kama mnamtaka?"

"Tuliulizwa."

"Na waliosema hapana wako wapi?"

Kisu cha mama wa mwenyekiti kikasimama kwenye ganda. Tukatazamana, mimi na yule bibi.

"Tuko hapa," nikamwambia. "Kula."